Mtu wa Kuketi na Rufus

Jumatatu, 19 Julai 2021

Daftari hili ni la Vénérand. Kurasa za mwanzo ni zake: tarehe, saa, namba ya kichwa cha treni, idadi ya mabehewa, hali ya hewa. Ameandika mpaka tarehe 6: "Treni ya taka, mabehewa 41, mawingu." Tarehe 8 asubuhi moyo wake ulisimama akiwa anafunga kamba za viatu. Kurasa zilizobaki ni nyingi, nami mchana sina wa kuongea naye, kwa hiyo nitaandika humu.

Tulimzika Ijumaa. Sheria ya korona ilisema watu kumi tu. Ketsia, binti yetu, aliandika majina kumi, akafuta, akaandika tena, mpaka karatasi ikatoboka. Kwetu nyumba ya msiba haifungwi mlango. Watu wanalala sebuleni, wanakaa na wewe siku hadi siku, hata ukiwachoka. Sisi tulirudi kutoka makaburini tukafungua mlango kwa ufunguo, na ndani sebule ilikuwa kama tulivyoiacha.

Watu wa kanisani wanaleta chakula. Wanakiacha mlangoni, wanarudi garini, wanapiga honi, wananipungia mkono kupitia kioo. Leo nimepata sombe, majani ya muhogo, katika kopo la aiskrimu. Nimelifungua nikidhani ni aiskrimu, nikacheka peke yangu.

Jumatano, 21 Julai

Simu ya Vénérand imelia nikiwa nasuuza vyombo. Sijaizima. Naichaji kila jioni kama alivyofanya yeye.

Alikuwa Rufus. Huyu ni mzee Mwingereza, alikuwa mpeleka barua wa posta mpaka alipostaafu. Anaishi Carnforth, mji mdogo kaskazini mwa Uingereza, karibu na bahari. Mkewe alikufa zamani. Vénérand alimpata miaka mitano iliyopita kwenye Facebook, katika kundi la watu wanaopenda kupiga picha za treni. Hawajaonana hata siku moja. Kila wiki Rufus anatuma picha na Vénérand anatuma picha.

Za Vénérand ni treni za mizigo zinazopita hapa Macquarie Fields, pembeni mwa Sydney, Australia: makontena, nafaka, taka za jiji. Za Rufus ni treni ya aina moja hasa, ile inayobeba fueli iliyokwisha kutumika kwenye mitambo ya umeme wa nyuklia. Mara ya kwanza Vénérand aliponionyesha nilidhani ni mzaha. Vichwa viwili vikubwa vya treni, vimeng'arishwa, halafu nyuma behewa moja lenye sanduku la chuma. Basi. Rufus alimweleza kwamba vinawekwa viwili ili kimoja kikiharibika njiani kingine kiendelee, maana mzigo ule hauachwi porini. Vénérand, ambaye kule kwetu Kalemie, Kongo, alikuwa mgeuza njia wa reli, aliupenda sana utaratibu huo. Alisema mawe ya kutengenezea fueli hiyo yalichimbwa kwetu Katanga zamani, labda ndani ya sanduku yumo mtu wa kwetu.

Leo Rufus ametuma picha, na chini ameandika, "Habari ndugu? Kimya sana huko. Uko mzima?" Maneno ya Kiswahili anayoyajua ni habari, ndugu na asante. Mengine ni Kiingereza.

Nilisimama na simu na mikono yenye povu. Nikabonyeza lile dole gumba la juu.

Ijumaa, 23 Julai

Ketsia ameliona dole gumba. Yeye ana miaka ishirini na tatu, anafanya kazi katika ghala Ingleburn, mtaa wa jirani, anaelewa Kiswahili chote lakini anajibu kwa Kiingereza. Amesema nimemdanganya mzee wa watu. Amesema ataandika mstari mmoja tu, Papa amefariki, pole, kwisha.

Nimemnyang'anya simu. Sijamnyang'anya kitu mtoto huyu tangu akiwa na miaka sita.

Nimemwambia kwetu kifo hakipigiwi simu, wala hakiandikwi. Kinapelekewa mtu. Bibi yake alipokufa Kalemie, sisi tulikuwa kwenye kambi ya wakimbizi Nyarugusu, Tanzania, na habari iliwafikia majirani kabla yangu. Wanawake watatu walikuja asubuhi. Mmoja akaitoa sufuria yangu motoni. Mwingine akachukua ufagio akaanza kufagia uwanja wangu ambao nilikuwa nimekwisha kuufagia. Nikawakaribisha uji, wakakataa. Hapo nilijua. Walipotamka neno, tayari mmoja alikuwa amekaa kushoto kwangu na mwingine kulia, nikawa sina pa kuangukia isipokuwa juu yao.

"Rufus yuko peke yake ndani ya nyumba," nilimwambia Ketsia. "Asome neno hilo amesimama jikoni, nani atamshika?"

Alikwenda kuoga.

Jumapili, 25 Julai

Misa kwa simu. Picha ilikwama, padri akaganda mdomo wazi.

Jumapili, 1 Agosti

Wiki imepita na Rufus anangoja picha yake. Vénérand ameacha picha maelfu, ningeweza kutuma mojawapo. Lakini picha ya zamani ikisemwa ni ya leo ni uongo. Nikaona bora niende mwenyewe nikapige ya leo.

Macquarie Fields ina daraja la waenda kwa miguu juu ya reli. Njia ya mizigo iko kando ya njia za abiria. Nilikaa kwa baridi, nikasikia mngurumo, nikatoa simu, na kabla sijaifungua kichwa cha treni kilikuwa kimepita. Nilipata mabehewa ya mwisho tu, na jukwaani mama mmoja amejifunga blanketi akisubiri treni ya abiria. Namba ya treni sikuiona. Nimeituma hivyohivyo, na maneno ya Vénérand ambayo yalikuwa mafupi daima: "Treni ya taka. Mawingu."

Rufus amejibu: "Hujawahi kumpiga picha mtu hata mmoja, ndugu. Huyu mama mwenye blanketi ni mzuri."

Ni kweli. Vénérand alikuwa akingoja jukwaa liwe tupu. Alisema watu wanachafua treni.

Jumatano, 4 Agosti

Chanjo ya pili. Mkono unauma. Kazini, katika nyumba ya wazee ninakofua nguo, wamenipa siku mbili nipumzike.

Jumatatu, 9 Agosti

Chepkoech, jirani yangu Mkenya, ni nesi. Tunaongea juu ya ua unaotenganisha nyumba zetu, yeye na barakoa yake, mimi na yangu, anapotoka zamu ya usiku na mimi naanika nguo. Nimemweleza habari yote. Amesikiliza vizuri, halafu akasema, "Mama Ketsia, kwa hivyo wewe sasa ni paparazi wa takataka?"

Tumecheka mpaka mbwa wa nyumba ya tatu akabweka. Kisha akaniambia kazini kwake mwaka huu wanawaambia watu kwa simu kila siku, hakuna njia nyingine. "Unaskia mtu ameangusha simu. Halafu unabaki hapo tu unaita, hello, hello." Akarekebisha barakoa yake. "Si utafute mtu aende, basi. Hao Wakongo wenu wako kila mahali."

Sikuwa nimefikiri hivyo. Nilikuwa nangoja tu, kana kwamba mtu atatokea.

Jumatano, 11 Agosti

Treni ya nafaka. Nimepata kichwa, nimekata mkia.

Jumanne, 17 Agosti

Arobaini. Watu walipaswa kujaa hapa leo, wale, waimbe, wagawane nguo zake, wanirudishe katika maisha. Nimepika fumbwa, majani ya mwitu, na samaki, nikawaza watu wa kunilia chakula. Nimempelekea Chepkoech sahani juu ya ua. Nimekaa na Ketsia mezani. Amevaa sweta la baba yake.

Alhamisi, 19 Agosti

Mtoto wa mdogo wangu, anaitwa Méthode, yuko Bolton, hukohuko Uingereza. Kumbe Bolton na Carnforth ni treni moja tu, saa moja na kidogo. Na kule hawajafungiwa tena kama sisi. Nimempigia. Amesema, "Mama mkubwa, nitakwenda. Lakini nioke mikate mpaka mwisho wa mwezi, wananihitaji." Anafanya kazi kwenye kiwanda cha mikate.

Nimelala mchana, usingizi wa kweli.

Jumatatu, 23 Agosti

Kuanzia leo, kwa sisi wa mitaa hii, usiku ni marufuku kutoka, mchana kutoka kwa mazoezi ni saa moja tu kwa siku, na barakoa hata nje. Helikopta inazunguka. Ketsia amenikataza kwenda darajani, kwa kuwa kupiga picha treni si mazoezi. Nimemwambia nitatembea. Daraja lina urefu wa hatua sitini na mbili. Kwenda na kurudi.

Alhamisi, 26 Agosti

Polisi wawili darajani. Kijana mmoja mwenye ndevu nyekundu ameniuliza ninafanya nini. Nimesema natembea. Akasema amenitazama kwa robo saa na siendi popote.

Nikamwonyesha picha kwenye simu, nikamwambia mume wangu amekufa, alikuwa anampigia rafiki yake picha za treni, na rafiki hajajua bado, kwa hiyo napiga mimi. Kwa Kiingereza changu ilitoka vibaya zaidi ya hapo. Alinisikiliza kichwa kimeinama. Akauliza treni ni saa ngapi. Nikasema dakika saba zijazo, ikiwa haikuchelewa. Akamtazama mwenzake, akaniambia basi nitembee pole pole.

Wakabaki kwenye ngazi wakinipa mgongo mpaka ikapita. Picha imetoka nzuri kuliko zote. Kofia ya polisi iko kwenye pembe.

Jumamosi, 28 Agosti

Rufus ameandika barua ndefu. Ketsia amenisomea, na safari hii ametafsiri kwa Kiswahili neno kwa neno, akitafuta maneno dirishani.

Kilabu chao cha wapenda treni kitafanya maonyesho kwenye chumba cha kungojea cha stesheni ya Carnforth. Ukuta mmoja ni treni za Rufus zenye sanduku. Ukuta wa pili ni treni za Macquarie Fields. Amechapisha picha tisa za zamani za Vénérand na tatu za siku hizi, zenye watu. Ufunguzi ni Ijumaa tarehe 17 Septemba, saa nne asubuhi kwao, saa moja jioni kwetu. Anataka Vénérand atokee kwenye skrini kwa simu ya video, watu wote wamwone, aseme maneno mawili kuhusu Kalemie. Amekwisha kubandika tangazo mjini. Jina la Vénérand liko juu yake, na ile alama ndogo ya herufi e ameiweka sawasawa.

Ketsia alipomaliza kusoma aliikumbatia simu kifuani kama mtoto mchanga.

"Mama," akasema kwa Kiswahili, "Papa hatatokea."

Najua. Siku ishirini.

Jumapili, 29 Agosti

Méthode atakwenda Jumamosi ijayo. Nimempa maagizo yote. Avae shati jeupe. Asile, asinywe. Amkalishe mzee kwanza. Akae upande wake, asimkabili uso kwa uso kama polisi.

Jumatano, 1 Septemba

Majira yao ya maua hapa yameanza leo, eti ndiyo siku rasmi. Mimosa ya jirani imejaa maua ya manjano. Ketsia ametembea na mimi darajani. Amebeba thamosi ya chai.

Jumapili, 5 Septemba

Méthode amepiga asubuhi. Nimemwona uso tu, nikajua hakusema.

Amesimulia hivi. Alifika, akabisha, mzee akafungua. Mrefu, sweta la kijani, miwani imefungwa kwa uzi. Méthode akasema, nimetumwa na familia ya Vénérand. Kwetu hapo mtu angekuwa amekwisha kushika kiti. Rufus akapiga makofi. Akamkumbatia, akasema korona na iende zake. Akamwita mgeni wa ndugu yangu. Méthode akakataa chai, kama nilivyomwagiza, na mzee akadhani anaona haya. Akakataa mara ya pili, mzee akadhani hapendi chai, akaleta kahawa. Méthode akamwambia tukae kwanza. Mzee akasema hapana, hapana, tutakaa jioni, njoo uone. Akamvuta mpaka stesheni, akamwonyesha ukuta, picha moja moja, akimwuliza hapa ni wapi, na hapa, na huyu mama mwenye blanketi Vénérand anamjua? Akamfundisha kushika kamera. Treni yenye vichwa viwili ikapita, na mzee akampa yeye apige.

"Mama mkubwa," akasema Méthode, "nilikula keki tatu."

"Ulikula?"

"Nilikula. Angalinikatia ya nne. Ningeanzia wapi, na keki mdomoni?"

Nilitaka kumgombeza. Nikaona macho yake. Alikwenda kwa moyo mzuri kupeleka neno, akafika kwa mtu asiyezijua dalili zake hata moja. Huku kwetu shati jeupe, kukataa chai, kukaa kwanza, vyote vinasema kabla ya mdomo. Kule vilimfanya aonekane kijana mwenye haya tu. Kosa ni langu. Nilimtuma kwa lugha ambayo mzee hajapata kuisoma.

Sasa zimebaki siku kumi na mbili, na mzee ana furaha zaidi kuliko mwanzo. Leo ametuma picha ya Méthode na kamera. Chini: "Asante ndugu."

Jumanne, 7 Septemba

Sikulala vizuri. Kazini nimechanganya mashuka ya ghorofa mbili.

Alhamisi, 9 Septemba

Nimemwomba Chepkoech ushauri tena. Nilidhani atasema andika tu, yaishe. Aliegemea ua, amechoka, alama za barakoa bado ziko shavuni. Alisema pale kwao wodini kuna sista mmoja mzee, Mfilipino, ambaye kabla ya kumpigia mtu simu ya kifo anauliza, uko na nani hapo? Kama yuko peke yake, anasema nitangoja, nenda kamwite mtu. Anangoja kwenye laini, hata nusu saa.

"Kwa hivyo sio simu ndiyo mbaya," akasema. "Mbaya ni mtu kuwa peke yake. Wewe ongea. Kijana akae."

Nimekaa na hilo siku nzima. Nilikuwa nimemtuma Méthode akaseme neno ambalo ni langu.

Jumapili, 12 Septemba

Nitaandika yote, hata mkono ukichoka.

Saa kumi na mbili jioni hapa, saa tatu asubuhi kwao. Méthode alikuwa amelala Lancaster, karibu na Carnforth, ili awahi. Nilimwambia mambo machache tu: azime jiko mwenyewe, amkalishe mzee kwenye kochi la watu wawili, na akae naye bega kwa bega. Chai, hata akipewa, asiguse.

Ketsia alikaa karibu nami. Aliuliza kama nataka atafsiri. Nikasema nitajaribu mwenyewe, nikianguka anidake.

Video ilipofunguka niliwaona wawili wamebanana kwenye kochi la maua, Méthode na shati lake jeupe, mzee na sweta lake la kijani. Mzee alikuwa anacheka.

Nikasema, "Mzee Rufus, mimi ni Bibiane. Mke wa Vénérand."

"Bibiane. Hatimaye. Yeye yuko wapi, ameenda relini?"

"Umekaa vizuri?"

"Nimekaa. Huyu kijana wako amezima hata birika langu."

"Méthode yuko karibu nawe?"

"Yuko karibu sana," akasema, na hapo sauti yake ilianza kushuka, kama mtu anayekanyaga ngazi gizani na kukuta moja haipo.

Nikasema, "Vénérand amefariki. Tarehe 8 Julai, asubuhi. Alikuwa anavaa viatu aje darajani. Hakuumwa muda mrefu."

Niliona mkono wa Méthode unaingia katika mkono wake. Mzee akautazama mkono ule kana kwamba unasema kitu. Nje ya dirisha lake palikuwa na mvua nyembamba.

"Julai," akasema.

"Ndiyo."

"Lakini picha. Mama mwenye blanketi. Kofia ya polisi."

"Ni mimi. Sikutaka ukae bila picha wakati namtafuta mtu wa kuja kwako. Kwetu hatuandiki neno hili. Lazima mtu aje aketi. Nilikudanganya siku nyingi kwa sababu hiyo, nisamehe."

Nilikuwa nimejiandaa kwa hasira. Ketsia pia. Mzee alivua miwani, uzi ukamkwama sikioni, Méthode akamtolea.

"Nimebeba barua miaka thelathini na moja," akasema. "Nyingi zilikuwa za namna hii. Unazijua kwa bahasha. Nilizisukuma kwenye tundu la mlango nikaenda nyumba inayofuata. Sikuwahi kuketi na mtu hata mmoja."

Halafu akalia. Mwingereza mzee, mdomo wazi, kama wanavyolia watu. Méthode alimshika mabega, naye akamwegemea.

Na mimi nililia. Sikuwa nimelia hivyo tangu Julai. Nilikuwa nalia kidogo kidogo, bafuni, na kwenye nguo za watu kazini, lakini leo nililia na sauti, na Ketsia alilia, na hakuna aliyesema nyamaza. Ilipotulia, nilifikiri mzee atakata simu, kama watu wanavyofanya wakiona haya. Hakukata. Méthode aliiegemeza simu kwenye kopo la biskuti. Tukabaki hivyo, wao kwenye kochi lao, sisi kwenye letu. Dakika arobaini. Mara moja aliuliza Vénérand alipenda kula nini. Nikasema samaki mkavu na mikate ya hapa, ile laini isiyo na nguvu. Akasema, "Hakuwahi kuniambia. Tuliongea treni tu."

Nikamwambia na mimi aliniambia treni tu.

Jumatatu, 13 Septemba

Nimelala mpaka saa mbili asubuhi. Ketsia ameosha vikombe vyote na kuacha kimoja, cha baba yake, mezani, na maua ya mimosa ndani. Ameiba kwa jirani.

Jumanne, 14 Septemba

Rufus ameuliza mambo mawili. La kwanza, chini ya zile picha tatu aandike jina gani. Nilimwambia ziondolewe, mimi si mpiga picha, kwenye moja nimekata treni. Amejibu kwamba anajua nimeikata, ameitazama wiki sita, na jina?

Nimemwandikia: Bibiane.

La pili, kwa kuwa Vénérand hatatokea kwenye skrini, ufunguzi ufanyweje? Kwetu kingefanyika nini? Ketsia aliandika jibu. Nilimwambia aandike ukweli, kwamba hatufanyi jambo kubwa. Watu wanakuja, wanakaa.

Alhamisi, 16 Septemba

Amri ya kutotoka usiku imeondolewa jana. Treni ya makontena, jua. Nimepata kichwa na mkia.

Ijumaa, 17 Septemba

Saa moja jioni. Chepkoech aliweka kiti chake upande wake wa ua, na sisi tukatoa viti vyetu nje, tukaegemeza simu kubwa ya Ketsia juu ya ndoo ili wote tuone. Chepkoech alikuwa amevaa gauni la kanisani. Hakuniambia atavaa.

Chumba cha kungojea ni kidogo, kuta za rangi ya maziwa. Niliona picha za Vénérand zimepangwa tisa, na pembeni zangu tatu. Watu walikuwa kama ishirini, wazee wengi, na barakoa, na kamera shingoni kila mmoja. Nilitegemea mikate na hotuba. Badala yake Rufus alikuwa ameondoa meza na kuweka viti kuzunguka chumba, mgongo ukutani, na Méthode alikuwa anawaonyesha watu pa kukaa. Rufus alisema kwa sauti ya kawaida kwamba rafiki yake amekufa, kwamba mke wake na binti yake wako hapa kwenye skrini, na kwamba kwao watu hukaa. Kisha naye akaketi.

Wakakaa. Mwanzoni walikuwa wanatazama viatu vyao. Mzee mmoja alikohoa, akaomba radhi. Baadaye mama mmoja mwenye mvi alianza kusema kwa sauti ndogo habari za mume wake, hakuambiwa aseme, na mwingine akamjibu, halafu kukawa kimya tena, kimya cha watu ambao wamekwisha kuzoeana. Ketsia alinishika mkono. Chepkoech alipitisha wake juu ya ua akaniwekea begani. Ndugu zangu wangekaa vilevile, wangeimba tu zaidi.

Baada ya nusu saa mngurumo ukaanza. Nilimwona Méthode anainua kichwa. Treni ile inapita pale kwa siku zake tu, na hao ndio watu wanaokesha kwenye mvua wakiingoja. Dirisha la nyuma ya Rufus likatetemeka. Mzee aliyekohoa alipeleka mkono kwenye kamera yake, akaishika, akamtazama Rufus, kisha akaurudisha mkono juu ya goti.

Ikapita yote dirishani, vichwa viwili na sanduku lake moja, na hakuna aliyeinuka kuipiga picha.